Raketi ya Kukua Nayo

Wiki iliyopita mwalimu mmoja kijana wa shule moja huko Dutumi kanitumia picha kwenye simu. Chini ya picha kaandika: "Shikamoo Mwalimu Zai, vifaa vya mpira wa vinyoya vimefika, tuombee." Nikavaa miwani nikaangalia. Raketi nyeusi zinameta, zimepangwa juu ya meza ya ofisi, bado ziko ndani ya nailoni zake. Pembeni kasimamishwa mtoto wa darasa la tatu, kashikishwa moja kwa ajili ya picha. Mkono wa mtoto umenyooka chini, na kichwa cha raketi kimelala sakafuni. Nikaiweka simu mezani, nikaenda kunywa maji. Nikarudi nikaangalia tena, nikijiambia labda ni macho yangu, uzee huu. Wapi. Raketi za watu wazima, na mwalimu mwenyewe kasimama nyuma, katabasamu hadi magego.

Nimefundisha michezo katika shule za msingi maisha yangu yote ya kazi, kwanza Kibaha, kisha Kisarawe, kisha wakanirudisha Kibaha nikamalizia huko. Nilipostaafu nilijua nimeacha mambo mengi hayajakaa sawa, lakini hili la raketi nilidhani limeeleweka. Kumbe nilikuwa najidanganya. Sasa nawaandikia nyinyi walimu vijana wote kwa pamoja, maana nimechoka kumweleza mmoja mmoja kwa ujumbe wa sauti, halafu ananijibu kwa kidole gumba. Mkiona nimekuwa mkali, ni kweli nimekuwa mkali.

Mnaniambia, "Lakini mwalimu, raketi ni raketi." Hapana. Mimi nimeona raketi ikimnyang'anya mtoto siku yake ya kucheza. Nimeiona kwa macho yangu, huko Kurui, Kisarawe, na mtoto mwenyewe jina lake Tatu.

Kurui nilipelekwa nikiwa tayari mtu mzima kazini, nina sauti na nina presha. Nikakuta shule ina uwanja mmoja na mpira mmoja. Kikifika kipindi cha michezo, wavulana wanaingia uwanjani na wasichana wanasimama pembeni. Wakishasimama kidogo, mwalimu wa zamu anawaona wamekaa bure, anawapa mafagio. Kipindi cha michezo kwa wasichana wa shule ile kilikuwa ni kufagia. Nilipouliza, nikaambiwa wasichana wenyewe hawapendi michezo. Nikauliza nani aliwauliza.

Sasa mimi nilikuwa nimetoka Mlandizi na raketi zangu mbili ndogo za watoto na vinyoya vichache vya nailoni. Nikafunga kamba ya katani kutoka mlingoti wa bendera hadi nguzo ya jiko la shule, nikawaita wasichana wa darasa la nne. Mwanzo walicheka tu na kufunika midomo. Halafu akaja Tatu. Mtoto mdogo wa umbo, ungemkadiria darasa la pili, na darasani alikuwa hanyanyui mkono hata akiwa anajua jibu. Alipoishika ile raketi ndogo akakipiga kinyoya kikapita juu ya kamba kama mtu aliyekuwa akifanya hivyo tangu juzi. Mwenzake akakirudisha kikaangukia huko majanini, na hapo ndipo nikaisikia sauti ya Tatu kwa mara ya kwanza. Alisema, "Kimetoka nje, mwalimu."

Baada ya wiki chache wasichana walikuwa wananifuata ofisini kuniuliza kipindi ni lini. Nikaenda kwa Mwalimu Mkuu, nikambana. Yeye si mtu mbaya, ni mtu wa kuogopa lawama tu. Tukaelewana hivi: kipindi cha mwisho cha Jumatano kiwe cha wasichana, na kamati ya shule inunue raketi za kutosha darasa zima, wazazi wakishachanga. Lakini akanionya mbele ya walimu wenzangu kwamba mchezo ukishindikana, Jumatano inarudi kwenye mpira wa miguu na hataki kusikia tena habari ya vinyoya. Nikakubali, nikijua raketi zikiwa sawa mchezo hauwezi kushindikana. Kwa hiyo mnaelewa nilivyokuwa roho juu. Jumatano ya akina Tatu ilikuwa inategemea kitakachotoka kwenye gari la mizigo.

Kabla sijaendelea na hasira zangu, ngoja niwape kazi yenyewe, msije mkasema bibi huyu anagomba tu hafundishi.

Aliyenifundisha mimi kuchagua vifaa ni marehemu Mwalimu Mshindo, nilimkuta katika shule yangu ya kwanza. Mshindo si jina lake, ni kwa sababu ya sauti. Huyu mzee alikuwa haendi duka la vifaa vya michezo bila mtoto. Anamchukua mtoto mfupi kuliko wote wa darasa la nne, anamwombea ruhusa kwa mama yake, anapanda naye gari hadi mjini. Wenye maduka walikuwa wakimwona tu wanaguna. Anaingia, anamsimamisha mtoto katikati ya duka, anamwambia aning'inize mkono wake chini, ulegee. Kisha anamtilia raketi mkononi. Kichwa cha raketi kikigusa sakafu, imeshindwa, inarudi rafuni. Isipogusa, anamwambia mtoto akunje kiganja. Kidole gumba kikishindwa kukutana na kidole cha shahada, mpini ni mnene, inarudi rafuni. Ikifaulu hapo, mtoto anaambiwa ainyanyue juu ya kichwa na kuishikilia hapo, na Mwalimu Mshindo anaanza kumsimulia mwenye duka hadithi ndefu isiyo na maana yoyote. Mkono wa mtoto ukianza kutetemeka kabla hadithi haijaisha, raketi ni nzito. Mwenye duka mmoja alimwomba angalau awe anabadilisha hadithi.

Hiyo ndiyo elimu yote. Mkono uning'inie, kiganja kikunjike, bega lisitetemeke. Haihitaji kompyuta, wala haihitaji kuangalia rangi, na nyinyi kila mkinitumia picha mnaanza na rangi.

Na vinyoya. Vinyoya vya manyoya halisi mviache kwenye televisheni. Ni vizuri, ndiyo, na mabingwa wanavitumia, lakini mabingwa wanachezea ndani ya ukumbi. Nyinyi mnachezea nje, juu ya kokoto, na mtoto anapiga kwa ubavu wa raketi. Shule moja ya Mlandizi Mwalimu Mkuu alishikilia apate vya manyoya, maana aliona kwenye mashindano. Havikumaliza wiki. Nikadhani amejifunza. Siku ya pili nikamkuta ofisini na gundi na rundo la manyoya ya kuku aliyoyaomba kwa majirani, anapachika pale palipong'oka, ulimi umetoka nje kwa umakini. Tukatoka kujaribu. Mtoto akakipiga, kikaenda mbele kidogo, kikazunguka, kikarudi kikaangukia nyuma yake. Darasa likacheka mpaka kipindi kikaisha. Mwalimu Mkuu yeye hakucheka. Akasema tatizo ni hawa kuku wa kisasa.

Nunueni vya nailoni. Angalieni utepe chini ya sketi ya kinyoya, pale inapoungana na kichwa. Ukiwa wa kijani, kinyoya kinakwenda polepole, wa bluu cha kati, mwekundu kinakimbia. Mtoto anayeanza mpeni cha kijani, apate muda wa kukiona. Kichwa kiwe cha kizibo, kile cha gome la mti, si sponji ya kubonyea kwa kidole. Mkiona seti inauzwa ndani ya mfuko wenye picha ya familia inacheka bustanini, piteni hivi. Raketi za humo zinapinda mtoto akipiga chafya.

Wavu msiukimbilie, wavu ni kitu cha mwisho. Wavu wetu wa kwanza tulipewa na wavuvi wa Ruvu, mkuukuu, hawana kazi nao. Tuliufua, tukauanika, tukaufua tena, harufu ikagoma kutoka, na paka wa mtaa mzima wakawa watazamaji wetu. Lakini ulitufaa. Nguzo ni ndoo za rangi zilizojazwa zege, katikati umesimika bomba. Wavu uwe usawa wa nyusi za mtoto wa wastani, si nyusi zako wewe. Na mchezee nyuma ya madarasa, jengo liwakinge, maana upepo wa huku mchana hauna adabu.

Haya, turudi Kurui.

Michango ilikamilika baada ya mavuno ya korosho. Nikaiambia kamati tutakwenda wote mjini na tutamchukua mtoto mmoja. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Mzee Pazi, mkulima, mtu wa watu, na huyo ndiye babu yake Tatu, anaishi naye. Mzee Pazi akaniambia nisijisumbue, mimi nina vipindi, watakwenda wao. Nikamwambia basi wanunue ndogo, za watoto. Nikamwonyesha raketi yangu. Nikamwonyesha na kwa mkono urefu wake, nikakata hewa kama mchinjaji. Wote wakasema, "Sawa sawa, mwalimu." Na mimi kwa ujinga wangu nikaondoka nimeridhika. Nilikuwa bado sijajua kwamba "sawa sawa" ya kamati si ya kukubali. Maana yake ni kwamba wamekusikia ukiongea.

Gari likaja. Wakafungua maboksi. Raketi za watu wazima, zote, ndefu, mipini minene, nzito kwa kichwa. Mzee Pazi anang'aa kwa furaha, mashati ya wanakamati yamelowa jasho la safari, na wote wananitazama nifurahi. Nikamuuliza kwa upole nilioutafuta kwa tabu, je, hazikuwepo ndogo? Akasema zilikuwepo tele, na bei haikupishana sana, ndiyo maana wakachukua kubwa. Akaniambia, "Watakua nazo, mwalimu."

Naomba muelewe jambo hili, maana nyinyi nanyi mtaambiwa hivyohivyo, na watakaowaambia ni mama zenu wenyewe. Nendeni shule yoyote ya huku siku ya kufungua. Sketi imekunjwa kiunoni mara mbili na kubanwa kwa pini. Mikono ya sweta inafunika vidole. Viatu vimejazwa karatasi mbele. Mzazi anachagua kubwa kwa sababu anampenda mtoto wake na anataka kitu kidumu. Na mtoto kweli anakua nayo, ila siku sketi inapomwenea sawasawa, imeshakuwa na kiraka. Mimi sina ugomvi na hilo, nimelelewa hivyo. Lakini sketi kubwa unaweza kuivaa ukaenda nayo darasani. Raketi kubwa huwezi kucheza nayo. Nilimweleza Mzee Pazi, nikaieleza kamati, nikamweleza na Mwalimu Mkuu, na wote walinitikia kwa heshima kubwa, na hakuna aliyenielewa.

Jumatano ikafika. Wasichana walikimbia kutoka darasani, kila mmoja anataka yake. Wakaanza. Mungu wangu. Mmoja kaishika katikati ya fimbo, mpini unamchoma tumboni. Mwingine kaishika kwa mikono miwili kama anatwanga. Mmoja ikamchomoka mkononi ikaruka hadi kwenye dirisha la darasa la kwanza. Tatu alijaribu kuishika jinsi nilivyomfundisha, kwa vidole, kiwiko kimelegea. Kinyoya kinashuka, anainyanyua, kinyoya kimeshafika chini. Anakiokota, anajaribu tena. Nilimwona anabadilisha mkono, anajinyonganyonga bega, anarudi. Jumatano ya pili alikuwa amefunga kitambaa kwenye kiwiko. Nilipomuuliza akasema haumii. Uongo mtupu, alikuwa hawezi kushika kalamu.

Nilizitoa zile raketi zangu mbili ndogo, lakini moja ilikuwa imeshapasuka na wasichana ni darasa zima. Nikamwomba Mwalimu Mkuu turudishe mzigo, tubadilishe. Akasema nailoni zimeshachanwa. Kamati ikaja kutazama mchezo, ikasimama pale nusu saa ikiona raketi zinavyowashinda watoto, halafu ikatoa uamuzi. Mnadhani waliamua raketi ni kubwa? Waliamua wasichana ni wadogo. Raketi zitiwe kwenye kabati la Mwalimu Mkuu mpaka watoto wakue, zisije zikaharibika bure, na Jumatano irudi kwenye mpira wa miguu. Mwalimu Mkuu akafunga kabati kwa kufuli. Mafagio yakatoka stoo.

Nilishindwa kula siku hiyo. Na kilichonitia uchungu zaidi, hakuna aliyekuwa adui yangu pale. Ningepata mtu mmoja mbaya, ningegombana naye nikatua moyo. Wote walikuwa wanaongea nami vizuri, wananiuliza habari za nyumbani.

Alasiri nikamkuta Tatu anafagia chini ya dirisha langu. Akaacha kufagia, akaniamkia, kisha akaniuliza polepole, bila kunitazama, "Mwalimu, nitakuwa nimekua lini?" Nikamwambia karibuni. Darasa la nne yule, na kwa umbo lake raketi zile angezifikia akiwa ameshaondoka shule ya msingi.

Siku chache zikapita. Jumamosi asubuhi nikajifunga kitambaa kichwani, nikaenda kwa Mzee Pazi kumwomba kwa mara nyingine. Nilikuwa nimeshapanga maneno njiani, mazuri, ya kitaalamu, kuhusu ukuaji wa mtoto na viungo vyake. Nikabisha hodi, nikamwamkia, akaniitikia marahaba na kunikaribisha uani. Alikuwa na kazi. Ilikuwa ndiyo wakati wa palizi ya mpunga kule bondeni, na yeye alikuwa anachonga mpini wa jembe. Tatu amesimama mbele yake.

Nikakaa kwenye kigoda nikatazama. Akamwambia Tatu asimame wima, avue ndala. Akausimamisha ule mti pembeni ya mtoto, akaweka alama kwa kisu usawa wa kifua chake. Akakata. Akamtilia mkononi, akamwambia akunje kiganja. Hakikukunjika vizuri. Akauchukua akauparura kwa kisu, taratibu, anaugeuza, akampa tena. Kikakunjika. Akamwambia anyanyue kama analima. Tatu akanyanyua, mara moja, mara mbili, mara ya tatu. Mzee anamwangalia bega. Akasema bado kidogo, akaurudisha, akapunguza tena upana wa vidole viwili.

Yale maneno yangu ya kitaalamu yote yakanitoka kichwani. Nikamuuliza kwa utaratibu.

"Mzee Pazi, mbona mpini mfupi hivyo?"

"Wa Tatu huu, mwalimu. Mrefu utamvunja mgongo, na mwili wenyewe ndio huu."

"Si atakua nao?"

Akacheka. Alidhani natania. "Atakua, lakini mpunga unapaliliwa sasa hivi."

"Na yeye ni mtoto sasa hivi, Mwenyekiti."

Kisu kikasimama. Sikumwacha apumue. Nikamwambia jembe amempimia, na dumu la maji lile pale mlangoni, dogo, la kumfaa, nalo amempimia. Kila kitu cha kazi katika nyumba hii kimepimwa kwa mwili wa mtoto huyu. Kitu kimoja tu cha kucheza alichokuwa nacho, ndicho mmemwambia akakue kwanza. Tatu alikuwa amesimama na mpini wake, anatazama chini.

Mzee Pazi akaufuta ule mpini kwa kiganja ingawa ulikuwa hauna vumbi. Kisha akamwambia Tatu aniletee maji ya kunywa. Nikayanywa, nikaaga, nikaondoka nikijua nimemvunjia heshima mzee wa watu nyumbani kwake, mbele ya mjukuu wake. Njia nzima nilikuwa najisemea, Zainabu, safari hii umeharibu.

Jumatatu asubuhi, tunatoka mstarini, nikamwona anakuja na msumeno. Akaenda moja kwa moja kwa Mwalimu Mkuu, akamwambia afungue kabati. Mwalimu Mkuu alipoona msumeno akashika funguo kwa mikono miwili, akasema hivi ni vifaa vya shule, vikikaguliwa atasema nini. Mzee Pazi akamjibu kwamba kamati imenunua na kamati inapunguza. Akachukua raketi ya kwanza, akaniuliza mimi ndani ya mpini kuna nini. Nikamwambia chuma kimeingia upande wa juu tu, chini ni mti mtupu, nilishawahi kufungua iliyovunjika. Akaitikia kwa kichwa, akaomba benchi.

Wasichana wakapanga mstari. Mmoja mmoja anasimama wima, mkono umelegea, anapimwa, anapisha. Mzee anakata kitako cha mpini, anaparura unene kwa kisu, anazungushia utepe wa mpira wa ndani wa baiskeli, anampa akunje kiganja. Asiporidhika anairudia. Kazi ile ilichukua siku nzima, na masomo ya asubuhi yalikufa, na mwalimu wa hesabu alinuna mpaka Alhamisi. Raketi hazikuwa zimekuwa za watoto kamili, msije mkanitajia msumeno kesho dukani. Kichwa bado kilikuwa kikubwa. Lakini ziliweza kupigika. Mwalimu Mkuu aliiokoa moja isikatwe, akairudisha kabatini ndani ya nailoni yake kwa ajili ya wageni. Mpaka nahama Kurui hakuna mgeni aliyewahi kuja kuicheza.

Jumatano ikarudi kuwa ya wasichana, kwa majaribio, alisema Mwalimu Mkuu. Walicheza nyuma ya madarasa, wakihesabu kwa sauti moja kila kinyoya kinapopita juu ya kamba, na kikianguka wanapiga kelele wanaanza upya. Tatu kiwiko kilipona. Kuna siku alinibishia kuhusu mstari, akanishinda kwa hoja, na wenzake wakampigia makofi.

Sasa sikilizeni jinsi mambo yalivyokwenda. Palizi ikapamba moto. Mwaka ule mvua zilikuja vizuri na majani yakashindana na mpunga, na kila familia ilikuwa inawahesabu watu wake. Jumatano moja, kipindi cha mwisho hakijafika nusu, Mzee Pazi akatokea kwenye kona ya jengo. Kaja kumchukua mjukuu wake waende bondeni, na wingu limeshajikusanya upande ule. Mwalimu Mkuu, kwa kumheshimu Mwenyekiti, akaita kwa sauti, "Tatu, toka, babu yako huyu."

Mchezo ukasimama. Wasichana wote wakatazama chini, maana kwetu mtoto akiitwa na mkubwa wake hana la kusema. Nami nilianza kufungua mdomo, nikijua nikigombana tena na mzee yule, mara hii nitahamishwa.

Tatu hakutoka. Alimgeukia babu yake, raketi mkononi, akasema kwa adabu zote, "Shikamoo babu. Kipindi bado."

Mzee Pazi akatazama wingu. Akatazama bondeni. Akamwambia Mwalimu Mkuu, "Mwache," kisha akavuta tofali moja karibu na ukuta, akakaa, akasubiri kipindi kiishe.